Mchele Hugemwa Wapi?

Mwingereza ana neno moja tu. Kitu kikiwa kimesimama shambani ndani ya maji, kikiwa kwenye gunia dukani, ama kikifuka moshi siniani mbele ya wageni, kwake jina ni lile lile. Sisi tuna mpunga, tuna mchele, tuna wali, na mtoto wa miaka minne hapa Timbwani hakosei hata siku moja akasema kwamba leo amekula mpunga. Nimepata kusoma kuwa Mjapani naye ana majina matatu: ukiwa shambani ni ine, ukikobolewa ni kome, ukipikwa ni gohan. Na Mkorea, jirani yake wa ng'ambo ya bahari, ana byeo, ana ssal na ana bap. Watu wenye majina matatu kwa kitu kimoja ni watu waliokizoea, wakakishughulikia usiku na mchana. Kwa hivyo hao, ndugu msomaji, ni jamaa zetu wa sinia.

Lakini jamaa zetu hao wamefanya na mchele jambo ambalo sisi wa pwani, pamoja na mapenzi yetu yote ya pilau na wali wa nazi, hatukupata kulifanya. Wameutoa tembo.

Usishtuke kuona habari hii katika ukurasa huu, wala usidhani kwamba mwandishi wako amezeeka akapotoka. Vijana wetu siku hizi hukesha na simu mikononi wakitazama michezo ya Kikorea, na ndani ya michezo hiyo hapakosi watu waliokaa kitako wakimiminiana kitu cheupe katika bakuli. Binti wa ndugu yangu aliniuliza, "Ami, wale wanakunywa maziwa au uji?" Nilimwambia ukweli kwamba ni tembo, na swali la pili likaja mbio nyuma ya la kwanza: tembo la nini, nao hawana minazi? Swali zuri. Na mtu aliyelelewa chuoni akafundishwa kutofautisha twahara na najisi hana haki ya kumjibu mtoto kwa kumfukuza. Kukijua kitu si kukinywa. Wanavyuoni wetu wasingaliweza kuandika milango mirefu juu ya vinywaji katika vitabu vya fikihi kama wasingalijua vinywaji hivyo vinatengenezwaje.

Wala wenyewe si wageni kwetu. Daraja la Nyali tunalopita kila uchao, lililofunguliwa mwaka 1980, lilijengwa na Wajapani kwa fedha za mkopo wao. Barabara ya Dongo Kundu, inayomwezesha mtu wa upande wetu wa kusini kufika Miritini pasi na kupanda feri, nayo imejengwa kwa mkopo wa Japani, na hali kadhalika bwawa la Thiba lililofunguliwa mwaka 2022 kunywesha mashamba ya mpunga ya Mwea. Wanatupa maji ya kukuza mchele. Tujue basi wao wanaufanyia nini wa kwao.

Tuanze na tunalolijua. Tembo la mnazi ni kazi ambayo maumbile yamekwisha kuifanya karibu yote. Mgema hupanda na kotama yake, akalifunga karara lisipasuke, akalikata ncha, akatundika kibuyu, au kama ilivyo sasa, chupa ya plastiki iliyotupwa na mtalii. Maji yanayodondoka humo ni matamu tangu tone la kwanza, maana sukari imo ndani yake tayari. Hamira haina haja ya kununuliwa. Iko hewani, iko kwenye karara, iko katika sira ya jana iliyobakia ndani ya kibuyu. Hamira huila sukari, ikatoa kileo na povu. Tembo la alfajiri ni tamu, la adhuhuri limekwisha kuchangamka, la jioni ni kali, na likilala siku mbili tatu linaingia njia ya siki. Watu wa mangwe za huku kwetu hawahitaji saa. Hujua muda kwa ulimi.

Sasa chukua punje ya mchele. Haina utomvu, haina sukari, ina wanga mtupu, na hamira haiwezi kula wanga. Ungeloweka mchele katika maji na hamira bora kabisa, usingepata kileo. Ungepata mchele uliooza. Mgema mmoja jirani yangu, Mrabai, mtu wa maneno machache, nilipomsimulia habari hii alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi amepanda mti. "Maalim," akaniuliza, "huo mchele hugemwa wapi?"

Ndiyo siri yenyewe. Mchele lazima kwanza ugeuzwe sukari, ndipo sukari igeuzwe kileo, na kwa kazi hiyo ya kwanza wanadamu wamepata njia tatu.

Ya kwanza ni mate. Tafuna wali bila kuumeza, uhesabu mpaka mia, utausikia ukipata utamu. Mate ya binadamu yana kitu kinachovunja wanga. Katika Japani ya zamani sana walikuwako watu waliotafuna mchele na kuutema chunguni, wakauacha uchache. Tupite haraka hapo, maana huenda msomaji anakula.

Ya pili ni kimea. Nafaka ikiota, yenyewe huanza kugeuza wanga wake uwe sukari ili imlishe mche mchanga. Njia hii bara letu linaijua vizuri. Busaa ya magharibi mwa Kenya hupikwa kwa kimea cha wimbi, na Wachaga hutia kimea cha ulezi katika ndizi wapate mbege. Bia ya Mzungu nayo, kwa fahari zake zote, ni kimea cha shayiri.

Ya tatu, iliyo ya watu wa mashariki ya mbali, ni kuvu.

Sisi tukiona kuvu juu ya wali wa juzi tunamwaga tukaosha sufuria kwa jivu. Wajapani waliitazama kuvu moja miongoni mwa kuvu nyingi, wakaichagua, wakaifuga kama tunavyofuga kuku. Wanaiita koji. Mchele hupikwa kwa mvuke, si kwa kuchemsha, usije ukarojeka. Hutandazwa katika chumba chenye joto kama la kwetu mwezi wa Februari. Na juu yake hunyunyizwa unga mwepesi wa mbegu za kuvu hiyo. Kwa muda wa siku mbili hivi watu huingia na kutoka, mchana na usiku, wakiugeuza kwa mikono na kuupima joto, mpaka kila punje inavaa unyoya mweupe na kunukia kama njugu mbichi. Ukiionja punje hiyo ni tamu. Kuvu imefanya kazi ya kimea bila ya mchele kuota.

Yaliyobaki ni subira. Mchele wa koji hutiwa pamoja na maji, hamira na mchele mwingine wa mvuke. Na haumwagwi wote kwa mpigo mmoja bali kwa awamu tatu ndani ya siku nne, ili hamira isielemewe. Na hapa ndipo ufundi unapozidi wa mataifa mengi: katika pipa hilo hilo, kwa wakati huo huo, kuvu inageuza wanga uwe sukari na hamira inageuza sukari iwe kileo, kila mmoja akimpisha mwenziwe. Kazi hiyo kwa desturi hufanywa wakati wa baridi kali, muda wa wiki tatu hadi nne au zaidi, kisha hukamuliwa na kuchujwa. Hiyo ndiyo sake. Kileo chake hufika 18 hata 20 katika mia, kiwango ambacho ni nadra kinywaji kisichotonwa kwa moto kukifikia. Fundi mkuu huitwa toji, na zamani aghalabu alikuwa mkulima anayelima mpunga wakati wa joto na kuhamia kwenye mapipa wakati wa theluji. Nje ya nyumba ya kazi hutundikwa tufe la matawi mabichi ya mti wa mseda, sugidama, ambalo hukauka taratibu likageuka rangi ya kahawia. Apitaye njiani hulitazama akajua sake ya mwaka ule imekomaa kiasi gani.

Kuna mawili katika sake yaliyonistaajabisha mimi kuliko mengine. La kwanza ni ukobozi. Wanasema uzuri wa sake uko katika moyo wa punje, na kwamba ganda la nje lenye mafuta huiharibu harufu. Basi huusaga mchele uliokwisha kukobolewa, wakausaga tena, mpaka katika ile daraja ya juu wanayoiita daiginjo nusu nzima ya punje au zaidi imekwenda unga. Kwa mtu aliyelelewa na nyanya anayeokota punje moja moja mkekani, hilo ni jambo gumu kulimeza. Unga wenyewe, alhamdulillahi, hautupwi. Hufanywa vitafunio na chakula cha mifugo.

La pili litamchekesha Mswahili yeyote. Sisi tuna msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tunausema kwa kulaumu. Sake nyingi zinazouzwa Japani hutiwa maji makusudi, hadharani, na mwenye kutia maji ndiye fundi mwenyewe! Huishusha kutoka 18 au 20 mpaka 15 au 16, ili harufu yake ifunguke na mnywaji asilemewe, na hakuna anayelalamika. Tena waliyajua mengine mapema. Desturi ya kuipasha sake moto kidogo isiharibike imeandikwa kwao tangu karne ya 16, yapata miaka 300 kabla ya Louis Pasteur wa Ufaransa kufanya hivyo kwa mvinyo na dunia nzima kuliita jambo hilo kwa jina lake. Mwezi wa Disemba mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi huu wa koji katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Mkorea ni mtu wa shamba zaidi. Kuvu yake haichaguliwi wala haifugwi chumbani peke yake. Huchukua ngano iliyovunjwavunjwa, akailowesha kidogo, akaishindilia ndani ya kimia kwa visigino mpaka inakuwa tofali la duara, kisha huliweka mahali penye joto kwa wiki kadhaa, na chochote kilichomo hewani kikalivamia: kuvu za namna nyingi, hamira za namna nyingi, na vidudu vinavyoleta ukakasi. Tofali hilo ni nuruku. Huvunjwa likachanganywa na mchele wa mvuke na maji katika mtungi wa udongo, na baada ya siku chache mtungi hutoa sauti kama mvua juu ya makuti. Likiachwa litulie, juu hukaa maji safi ya rangi ya dhahabu, ambayo zamani yalikuwa ya wenye nafasi. Chini hubaki ukoga mzito. Hutiwa maji, ukachujwa haraka haraka, ukatoka mweupe kama tui. Wenyewe wanaliita makgeolli, nami kwa kuuhurumia ulimi wetu nitaliandika makoli. Maana ya jina lenyewe ni kitu kilichochujwa hivi hivi tu. Kileo chake ni 6 hadi 8 katika mia, kimekaribiana na tembo letu, na hali zake nazo zimekaribiana: lina povu, lina ukakasi, halikai sana, na lilikuwa kinywaji cha mkulima wa mpunga anapopumzika na jembe. Ndilo hilo binti yangu alilodhani maziwa.

Nimesema kwamba makoli na tembo letu vimekaribiana, na katika jambo moja vimefanana hasa, nalo ni kuandamwa na serikali. Mwaka 1899 serikali ya Japani ilipiga marufuku watu kujitengenezea sake majumbani. Sababu haikuwa dini wala afya. Ilikuwa kodi, kwani wakati ule kodi ya sake ilikaribia theluthi ya mapato yote ya dola. Marufuku hayo yangaliko hadi leo. Korea nayo iliwekewa sheria ya kodi ya vileo mwaka 1909, ikamezwa na Japani mwaka 1910, na kufikia mwaka 1934 leseni za kutengeneza nyumbani zilikuwa zimefutwa kabisa, baada ya karne nyingi ambazo kila nyumba ilikuwa na mtungi wake na mapishi yake. Ukoloni ulipoondoka njaa ikabaki; mwaka 1965 serikali ya Korea Kusini yenyewe ilikataza mchele kutumiwa kwa vileo, na kwa zaidi ya miaka kumi makoli yakafanywa kwa unga wa ngano, watu wakayadharau. Ruhusa ya kutengeneza nyumbani ilirudi mwaka 1995. Kufikia hapo mabibi wengi waliokuwa wakijua walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mwaka 2021 utengenezaji wa makoli ulitangazwa kuwa urithi wa taifa.

Kwetu Kenya mgema amekuwa akipandishwa na kushushwa na sheria moja baada ya nyingine, na leo yuko chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Simtetei. Nasema tu kwamba dola popote duniani humtazama mtu wa tembo kwa jicho la hesabu kwanza, na la maadili baadaye.

Lakini tembo halikuwa la kulewa peke yake, na hapa Mwislamu wa pwani inampasa atulie aelewe alichokikataa. Mjapani huweka sake mbele ya miungu yake, na bwana na bibi harusi wa desturi ya kwao hunywa mafunda matatu matatu katika vikombe vitatu. Mkorea huimimina mbele ya majina ya wazee wake waliokufa. Mmijikenda huwamwagia koma zake tembo la mnazi, na mahari yake hayazungumzwi pasipo kadzama. Watu watatu wasiojuana, na wote wakakiona kitu hiki kinachobadilika chenyewe kibuyuni, wakakifanya ulimi wa kusemea na wafu. Mdigo wa Likoni aliposilimu hakuacha ulevi tu. Aliacha lugha nzima ya kusemezana na wazee wake, akapewa nyingine.

Bwana David Parkin, Mwingereza aliyekaa na Wagiriama wa Kaloleni, aliandika kitabu mwaka 1972 akaeleza jambo la ajabu. Vijana waliokuwa wakinunua minazi na ardhi waliugua maradhi yasiyojulikana, na waganga wakawaambia wameingiwa na majini Waislamu wasiotaka tembo. Wakawa Waislamu kwa dawa, kama mtu anavyoandikiwa vidonge. Na kwa kuwa sasa hawawezi kunywa wala kukaa kwenye vikao vya kunywa, mali yao ikasalimika na karamu za wazee. Parkin aliliona kama jambo la uchumi. Mimi naona ni la uchumi na la roho vile vile; mtu hawezi kuugua kwa hesabu tupu.

Mas'ala yenyewe nayajua kwa karibu kuliko ninavyopenda. Nina minazi michache niliyorithi kwa marehemu baba yangu, na yule jirani yangu Mrabai amekwisha kunijia mara tatu kutaka kuikodi. Mnazi unaogemwa hauzai nazi, lakini kodi ya mgema huja kila mwezi, na dafu lina msimu wake na wezi wake. Mara ya tatu alikuja na hoja. "Maalim, wewe si wasema siki ni halali? Basi mimi nitakugemea siki." Nikacheka, maana amenishika penye fikihi. Kwetu sisi Mashafii, kilevi kikigeuka siki chenyewe, bila kutiwa kitu, huwa twahara. Kikigeuzwa kwa kutiwa kitu hakitwahariki. Na siki ni kitoweo alichokisifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Lakini jirani yangu anajua nami najua kwamba kati ya utamu wa alfajiri na siki ya keshokutwa pana jioni, na tembo la Timbwani halijapata kuivuka jioni salama likafika kuwa siki. Nikamwambia minazi ile nimeiwekea wajukuu madafu. Hakukasirika.

Mtu asije akaniambia kwamba mchele haukutajwa. Sayyidna Umar alipohutubu juu ya ulevi alitaja vitu vitano vilivyokuwa vikitumika: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri. Mchele haumo. Lakini papo hapo akaongeza kwamba kilevi ni kile kinachoifunika akili, na kwa neno hilo aliufunga mlango wa mchele, na wa mnazi, na wa kila kitakachogunduliwa. Upande wa pili, nabidhi, yaani tende au zabibu zilizorowekwa majini, Mtume aliinywa ingali tamu, na ikipita siku ya tatu haikunywewa tena. Mpaka, basi, haukuwekwa juu ya tunda wala juu ya nafaka. Umewekwa juu ya muda na juu ya kugeuka.

Haya si maneno ya darasani tu. Vijana wetu wanapika katika mahoteli ya Diani na Nyali, wengine Dubai na Doha, na chupa za mashariki ya mbali zimekwisha kufika hata madukani Mombasa. Mirini, ile sharubati ya mchele inayong'arisha samaki wa Kijapani, iliyo halisi ina kileo kama 14 katika mia, zaidi ya bia. Ziko za kuigiza zenye chini ya 1. Sake yenyewe hutiwa katika michuzi kukata shombo, kama sisi tunavyotia ndimu. Rojo jekundu la pilipili la Kikorea, gochujangi, viwanda vingine hulitia spiriti kuzuia lisiendelee kuchacha ndani ya kopo, na hilo huandikwa kwenye karatasi ya kopo kwa herufi za sisimizi. Siki ya mchele hutokana na kileo cha mchele kilichogeuka, na namna kilivyogeuzwa ndiko kwenye swali. Hukumu ni ya masheikh. Miwani ni yako.

Na wako radhi wale wasiotaka kuvuka mpaka. Mjapani ana amazake: koji na wali na maji, hufunikwa katika joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa muda wa saa nane hivi. Katika joto hilo kuvu inaendelea kuvunja wanga lakini hamira haiwezi kuishi. Hupatikana uji mtamu sana, usiotiwa hata chembe ya sukari, na usiolevya. Ila tahadhari, iko amazake nyingine inayofanywa kwa sira ya sake, na hiyo ina kileo. Mkorea ana sikiye, ambayo hutumia kimea cha shayiri badala ya kuvu: maji ya kimea juu ya wali, joto hilo hilo, saa chache, mpaka punje zinaelea juu. Kisha huchemshwa, ikapozwa, ikanywewa baada ya chakula na tangawizi kidogo. Mwanamke yeyote wa kwetu anayejua kuotesha wimbi anao ujuzi wa kuijaribu bila ya kutoka Likoni.

Kitu cha mwisho ni cha kuliwa. Wakorea wana mkate wa wakati wa joto uitwao jungpyoni. Unga wa mchele hukandwa kwa makoli, ukaachwa uumuke, ukapikwa kwa mvuke na kupambwa kwa kunazi kavu na ufuta. Una vitundu vitundu ndani, una ukakasi kidogo, na hauharibiki upesi hata jua likiwaka. Wazee wetu wa kike, kabla hamira ya pakiti haijafika madukani, walikuwa wakiumua vitumbua na mkate wa kumimina kwa tembo la alfajiri, na wanavyuoni wa zama zao walikuwa na kauli mbali mbali juu ya hilo. Siku hizi pakiti imeumaliza ubishi. Bi mmoja jirani yangu, anayeuza vitumbua asubuhi karibu na feri, nilimwonyesha picha ya jungpyoni kwenye simu. Alivaa miwani, akaitazama huku na huku, akaupanua ule mkato kwa kidole aone ndani.

"Maalim, huu si mkate wa kumimina? Sasa nazi wametia wapi?"